Ninunue Breki za Kaboni za Mbele Tu, au Zote Nne?

Lodwar, Julai 2013

Mshauri mpendwa Mama Wahu,

Swali langu ni dogo na linahusu breki, na ningemuuliza fundi kama fundi mwenyewe hangekuwa ndani ya mambo haya, kwa hivyo nimeona heri nikuandikie wewe ambaye hunijui.

Mimi ni mpima ardhi hapa Lodwar, kwetu ni Meru, nina miaka arobaini na moja na mke mmoja, Makena, ambaye ni muuguzi, na tangu habari za mafuta zitokee mwaka jana na serikali ya kaunti kuingia mwaka huu kila mtu anataka ploti yake ipimwe, kwa hivyo kazi imenikubali, na mwezi wa Machi nilinunua gari la spoti la milango miwili kutoka kwa rafiki yangu Gitau anayeuza magari na vipuri Nairobi. Wauzaji huliita kupe, na Makena aliposikia jina hilo alisema limefaa, kwa sababu yeye alitaka pikapu. Najua utauliza gari la chini namna hiyo linafanya nini Turkana, wengi wameuliza, lakini kati ya Kakuma na Lodwar kuna kipande cha lami cha kama kilomita nne kisicho na mashimo mengi, na mtu aliyefanya kazi kwa bidii ana haki ya kilomita nne.

Sasa Gitau alikuwa amenitania kwamba kwa barabara za huku gari hilo halitawahi kufika kilomita mia na hamsini kwa saa, na mwezi uliopita nikitoka Kakuma nilifika kwenye kipande hicho barabara ikiwa tupu, nikaamua kumpigia video ya mshale wa spidi, na kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka niliitazama simu kidogo ili picha itoke vizuri, na nilipoinua macho kulikuwa na mama anavuka na punda aliyebeba mitungi ya maji. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Gari liliteleza, likatoka barabarani, likapita pale pale alipokuwa amesimama, kwa maana alikuwa amejirusha kando, akaangukia mawe, akavunjika mfupa wa bega. Mama huyo anaitwa Akeno. Punda alishtuka akaiangusha mitungi ikapasuka, na mama huyo alikuwa amelala akiyatazama maji yakiingia mchangani, wala halii.

Baadaye lori lililokuja kutoka Kakuma likasimama, dereva akaniuliza kumetokea nini, nikasema breki zimekataa. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Akauliza ni nani alizifunga, nami nikajibu ukweli, kwamba pedi zilibadilishwa wiki mbili kabla na Dieudonné, fundi Mkongomani mwenye gereji katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ona kwamba sikumlaumu mtu, nilijibu nilichoulizwa. Lakini dereva aliporudi Kakuma alisimulia, na polisi wakaandika kama nilivyosema, na Jumapili mchungaji akaniita mbele kanisani nimshukuru Mungu kwa kuniokoa na breki mbovu, nikashukuru. Sasa naambiwa hakuna gari linalosimama tena kwa Dieudonné. Wanasema hufunga pedi feki.

Akeno nimemhudumia, mshauri, usidhani sina utu. Nilimpelekea sukari na maziwa hospitalini, katika wodi anayofanya kazi Makena. Hajui Kiswahili. Nilimsalimia "ejok" akaitikia vizuri, kisha akainua mkono ule mzima mbele ya uso wake, kiganja kimekunjwa kama kimeshika kitu, akainamisha kichwa akikitazama. Nikaelewa mara moja kwamba anaomba simu. Kesho yake nikamletea simu mpya pamoja na laini. Aliitazama, akanitazama mimi, akacheka kidogo, akamwambia Makena maneno fulani kwa Kiturkana, lugha ambayo Makena amejifunza kwa miaka sita aliyofanya kazi hapa.

Nikauliza, "Amesemaje?"

"Amesema asante," Makena akanijibu.

Lakini tulipokuwa tunakula aliniuliza, "Hivi ulikuwa unakwenda kilomita ngapi?" Nikasema themanini. Akatafuna kwanza, kisha akasema, "Basi nunua breki nzuri kuliko zote duniani. Usikubali za kawaida."

Nikampigia Gitau, naye akanielezea breki za kaboni seramiki, zile za magari ya mashindano, ambazo diski zake si za chuma bali zimeokwa kwa kaboni na kauri, nyepesi, hazishiki kutu na hazichoki hata zikiwaka moto. Bei yake inakaribia bei ya gari lenyewe, lakini Gitau anasema uhai hauna bei.

Kinachonisumbua ni kwamba wiki jana Dieudonné mwenyewe alikuja Lodwar. Aliomba kuliona gari, nikamruhusu, akafungua magurudumu yote pale uani kwangu, akazitazama pedi moja moja, halafu akakaa chini.

"Patron, pedi ni nzima," alisema. "Unionyeshe fasi nilikosea. Nikiiona, nitaomba pardon mbele ya watu. Nisipoiona, kesho nitafunga gari ya mtu mwingine namna gani?"

Nikamwambia mambo ya breki wakati mwingine hayaonekani kwa macho.

Akaigeuza tena pedi moja mkononi. "Bibi yangu wa ndoa, Godelieve, anasema labda nilichoka siku ile. Mimi sikumbuki kuchoka."

Nilimwonea huruma, nikamwambia gari hili lina nguvu kuliko breki zake na kwamba naagiza za kaboni. Uso wake ulibadilika. Akasema, "Ukizileta, nitazifunga bure, watu waone kama najua kazi."

Kwa hivyo, mshauri, nikizinunua Dieudonné atapata jina lake, Makena atatulia, na mimi nitakuwa salama barabarani. Je, ninunue za mbele tu, ambazo Gitau anasema ndizo hufanya kazi kubwa, au zote nne? Nakuomba usitaje jina langu.

Ni mimi, Mpima Ardhi, Lodwar.

MAMA WAHU ANAJIBU

Ndugu mpima ardhi,

Nianze na breki kwa kuwa ndizo ulizouliza, na marehemu mume wangu aliendesha lori miaka ishirini, kwa hivyo si mambo mageni kwangu. Diski za kaboni zilitengenezewa mtu anayezunguka uwanja wa mashindano akikanyaga breki kila kona hadi ziwe nyekundu kwa joto. Wewe ulikanyaga mara moja. Breki zako zilishika, na ndiyo maana gari liliteleza. Tairi ndizo zilizoshindwa kung'ang'ania lami, na kwa spidi ile hata breki za ndege zisingekusaidia. Isitoshe, kokoto za njia ya Kakuma zingezimega diski hizo kabla ya Krismasi. Usinunue hata moja. Mwambie Gitau nimesema hivyo.

Sasa tuje kwa barua yenyewe. Nimeisoma mara tatu nikimtafuta mtu aliyemuuliza Akeno kilichotokea. Dereva amekuuliza wewe, polisi wamekuuliza wewe, kanisa limekusikiliza wewe. Aliyekuwa mbele ya gari macho wazi ni yeye. Na alikwambia bila kuulizwa, kwa mkono mmoja uliombakia. Hakuwa anaomba simu, ndugu yangu. Alikuwa anakuonyesha ulivyokuwa, nawe ukaenda dukani. Makena alikuwa amesimama hapo hapo, na nina shaka kama alichoambiwa ni asante. Mwanamke aliyetaka pikapu hawezi ghafla kukusihi ununue breki ghali kuliko zote duniani ila kwa sababu moja: anataka kuona utafika wapi kabla hujasema ukweli.

Neno ulilosema pale barabarani naweza kulielewa. Mtu aliyeponea chupuchupu husema lolote linalomjia. Lakini uliposimama kanisani hukuwa na hofu hiyo tena, na Dieudonné alipokaa chini uani kwako akitafuta kosa lisilokuwepo, ulikuwa mzima kabisa. Ulimtazama mtu akianza kuitilia shaka mikono yake mwenyewe, ukamwacha aendelee, halafu ukakubali akufanyie kazi bure. Nimeona aibu kwa niaba yako.

Kwa kuwa riziki ya mtu haiwezi kungoja zamu ya gazeti, nilikupigia Jumatatu kwa nambari uliyoandika nyuma ya bahasha. Wasomaji wajue kwamba ulilia, na kwamba Jumanne ulikwenda Kakuma ukamweleza Dieudonné kila kitu. Hilo nakupa. Ila ulimweleza mkiwa wawili tu, mlango wa mabati umefungwa, kisha ukanipigia ukitaka nikupongeze. Naye Dieudonné, umenisimulia mwenyewe, alisikiliza hadi mwisho, akanawa mikono, akasema, "Merci, patron. Sasa enda uambie wale uliwaambia kwanza." Akafungua mlango.

Fanya alivyosema. Leo, mwambie Makena, na umwambie spidi ya kweli, maana anaijua au anakaribia kuijua. Kesho nenda polisi ukaandike taarifa upya, na adhabu watakayokupa uipokee bila kutafuta rafiki wa kukuombea. Mtafute yule dereva wa lori. Jumapili mwombe mchungaji nafasi ile ile aliyokupa, usimame, useme, "Nilikuwa nimeshika simu." Usiongeze mahubiri. Mtu akikuuliza ni nani alifunga breki, jibu kwa sauti kubwa kuliko ulivyojibu mara ya kwanza. Jina lako sijalitaja kama ulivyoomba. La Dieudonné nimeliacha wazi pamoja na gereji yake iliyo kambini Kakuma, kwa sababu alifunga breki na breki zikafanya kazi.

Amebaki Akeno. Bega lake litachukua miezi miwili kupona, na nyumba yake inakunywa maji kila siku. Tafuta mtu anayejua Kiturkana vizuri amuulize kama atakubali uende kwake, na akikataa, lipa mtu mwingine wa kumtekea na ukae mbali. Akikubali, peleka maji wewe mwenyewe, kila asubuhi kabla ya kazi. Umenieleza kwamba njia ya kwake ni mchanga mtupu na gari lako halipiti. Vizuri. Utakwenda kwa miguu, nyuma ya punda, kwa mwendo atakaopenda punda.