Assia Amewaacha Nyuma

Moubarak,

We una kichwa kigumu! Uko huko Dubai, miezi mitatu humusemeshi binti yako Assia, eti musichana kupanda baiskeli atatuaibisha. Apana. Mi ndiye nilimuruhusu.

Jumapili mashindano ya baiskeli yalipita hapa Buyenzi. Mutoto aliyezoea kusukuma magunia ya mpunga kwa baiskeli toka Buterere alipanda kilima cha Musaga kama amekaa kwenye kiti, ushungi chini ya kofia, akafika wa kwanza! Massoudi fundi, aliyemucheka kuliko wote, alipiga kelele: "Huyo wetu!" Leo wasichana saba wako mulangoni pangu wanataka kufundishwa.

Lakini kombe mukononi, akaniuliza: "Bibi, sasa baba atanisemesha?"

Mupigie leo, kabla hujala. Umupe hongera.

Mama yako,
Mwanne