Jina Ulilompa Mama Penye Ndoo ya Viazi

Leeuwarden, Uholanzi
9 Mei 2019

Mpendwa Mama mkubwa Tietske,

Shikamoo. Habari za huko Ontario? Na lile goti, limekubali ngazi au bado linakusumbua? Theluji imekwisha jamani, au mtaendelea kuisukuma mpaka mwezi wa sita? Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, anakula, anabishana na redio kama kawaida yake, na wiki hii amefanya jambo ambalo sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungekata.

Tafadhali kaa chini kwanza.

Kazi yangu unaijua. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani ikishapita, nawafundisha wanafunzi wangu habari za Wayahudi walioangamizwa na Wanazi, na huwaalika wazee waliokuwa watoto wakati ule waje wasimulie wenyewe. Wamebaki wachache mno. Mwaka huu aliyekuwa aje alilazwa hospitali dakika za mwisho. Mama akanisikia nikihangaika na simu jikoni kwake. Akasema, "Nitakwenda mimi."

Nilishtuka. Mama huyu, ambaye hajatusimulia hata sisi wanawe! Tulijua kwamba alifichwa shambani kwenu, na kwamba wewe na wazazi wako mlimfanya mtoto wa nyumba, ndiyo maana nakuita mama mkubwa ingawa damu si moja. Tulijua alikuja na mdogo wake wa kiume, na kwamba huyo mdogo hakurudi. Jina lake hatukuambiwa kamwe. Ukiuliza, Mama anainuka kwenda kuosha vyombo. Basi hofu yangu ilikuwa hiyo: atasimama mbele ya watoto wa watu, afike kwa mdogo wake, sauti ikatike, na asipone tena.

Jumanne nikampeleka. Alivaa koti lake la buluu, akakataa kiti. Alianza vizuri, hata akawachekesha. Aliwaeleza jinsi wewe, msichana wa miaka kumi na miwili, ulivyowapa majina ya kwenu, yeye Aukje na mdogo wake Douwe, na jinsi ulivyowafanyisha mazoezi kila jioni mkimenya viazi. Ulikuwa unawaita ghafla kwa majina yao ya zamani ya Kiyahudi, kwa ukali, kwa kuwavizia. Anayegeuka, hapati mkate wa sukari.

Hapo Marrit akacheka. Huyu Marrit ana miaka kumi na mitano na mdomo wa mtu mzima, hukaa nyuma na chingamu yake. "Si jina tu?" akasema. "Kutogeuka kuna ugumu gani? Mimi ningeweza hata usingizini."

Nikataka kumtoa nje. Mama akaniinulia mkono.

"Mwache. Njoo hapa mbele, mwanangu. Kuanzia sasa wewe ni Aukje. Mtu akikuita Marrit, usigeuke, usipepese jicho. Ukigeuka, wanaokulisha wanachukuliwa pamoja nawe."

Mimi ndiye ninayewakataza walimu wenzangu kila mwaka: watoto wasimuliwe, wasichezeshwe. Hakuna kuigiza kufichwa, hakuna kuigiza kukamatwa, maana mchezo una kengele ya kuumaliza na yale hayakuwa nayo. Na sasa mama yangu mzazi anaivunja kanuni mbele ya macho yangu, nami simzuii.

Wenzake wakaanza. "Marrit! Simu yako inalia!" Kimya. "We Marrit, una buibui begani!" Kimya. "Marrit, Sietse anakupenda!" Darasa likaangua kicheko, Sietse akaiva kama nyanya, Marrit hata hakutikisika. Alitazama ukuta na kutafuna. Alikuwa hodari kweli, sitamnyima haki yake. Mama akaendelea kusimulia kana kwamba hawasikii.

Akafika siku ile. Wewe ulikuwepo, sitakurudishia yote. Yule mtu mwenye kofia, msaka Wayahudi, kaingia uani, wewe na Mama mko kwenye ndoo ya viazi, mtoto anafukuza kuku. Mama akasema mlingoja yule mtu apige kelele, kwa sababu mazoezi yenu yote yalikuwa ya kelele. Hakupiga. Alichuchumaa.

Hapo kidole cha Mama kilikuwa kinasugua kifungo cha koti, kinasugua, kinasugua. Nikajua tumefika pale nilipopaogopa. Nikapiga hatua kumfuata.

Akamgeukia yule msichana. Kwa sauti laini, ileile aliyotubembelezea tukiwa wadogo, akasema, "Marrit, mwanangu, sweta yako nzuri. Nani kakufumia?"

"Bibi yangu," Marrit akajibu, akageuka akitabasamu.

Tabasamu likamkauka mdomoni. Hakuna aliyecheka.

"Wewe una miaka kumi na mitano," Mama akamwambia. "Levie alikuwa na mitatu."

Levie! Mimi mtu mzima mwenye mvi, ndiyo kwanza nasikia mjomba wangu aliitwa nani, tena pamoja na watoto wa shule.

Kisha akasema lililobaki. Kwamba yule mtu alimwita Levie kwa upole hivyohivyo, mtoto akageuka, akambeba, halafu akamgeukia Mama kwa sauti ileile tamu: "Na wewe, Duifje?" Naye hakuinua kichwa. Levie akaanza kumlilia kwa jina hilohilo lake la zamani, Duifje, Duifje, naye akamenya kiazi. Akakimaliza, akachukua kingine. "Nilimsikia," aliwaambia, "na nilikuwa Aukje." Yule mtu akaondoka na mtoto na baba yako. Baba yako alirudi.

Marrit alikuwa analia wazi, kamasi na yote. Akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu: "Yule msichana aliyewafundisha, hukumchukia?"

Sasa sikiliza, maana barua yote hii nimeiandika kwa ajili ya hapa. Binti yako Geertje aliwahi kuniambia unavyojilaumu kwa yale mazoezi. Nami nina masikio. Miaka yote kwenye simu humwiti Mama kwa jina, si hili wala lile. Unasema "mpenzi", unasema "wewe".

Mama alimjibu hivi: "Nimchukie kwa lipi? Asingenifundisha, ningeondoka na Levie siku ileile. Hakukosea kitu. Mtoto wa miaka mitatu ukimwita kwa upendo, atageuka tu, hakuna wa kumfundisha asigeuke. Wala nisingetaka mdogo wangu awe mtoto wa kufundishika hilo."

Nikamrudisha kwake kwa gari. Nilikuwa na hasira naye kwa ule mchezo, na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa nianze na lipi. Nikamwita, "Mama, tumefika." Akaitazama barabara. Tangu utoto wangu, wito wa kwanza haitiki, lazima umwite mara mbili, na sisi tulidhani ni masikio yake. Nikamwita tena. Akasema, "Mwandikie Tietske. Mwambie asione haya kuniita Aukje. Alinipa yeye, na nalipenda."

Msalimie sana Baba mkubwa Wiebe, Geertje na watoto wake, na yule Gerlof asiyejibu barua za mtu. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri, hasa usiku utakaosoma haya.

Jumapili utapiga simu kama kawaida. Mama atakuwa amekaa kando ya dirisha, amekusubiri. Akipokea, mwite Aukje. Amesema ataitika mara ya kwanza.

Ni mimi mtoto wa mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Marjan