Kijani cha Msikitini

Dunda, Bagamoyo
Jumatatu

Kaka Mazin,

Shikamoo. Kitanda cha mama kilipotea Jumamosi iliyopita, saa ileile niliyomrudisha kutoka hospitali. Hakikuibwa, kimepakwa rangi ya kijani. Na mama mwenyewe hayupo tena nyumbani. Nimeona nitangulize hayo, ndipo nikuulize hali yako, ya wifi Mwaija na ya watoto. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila kifua kimejaa.

Utasema nimekosa adabu kumwandikia mkubwa wangu hivi. Lakini simu uliipokea mara moja tu, ukasema una wateja, tutaongea. Basi barua hii nampa Kitwana wa gari la mzigo, akukabidhi mkononi hapo dukani kwako Kariakoo. Barua huwezi kuikatia njiani.

Ilikuwa hivi. Mama alishuka kwenye bajaji akiwa na furaha. Alisikia harufu ya rangi toka kibarazani, akaona sebule imepakwa na ujia umepakwa, akacheka, akasema Mazin anampokea kama bibi harusi. Nikamshika mkono hadi mlango wa chumbani. Hapo akasimama. Akaniuliza polepole ni nani aliyeingiza jeneza chumbani mwake. Nikamwambia mama, hicho ni kitanda chako.

Nyuma yetu alikuwepo Bi Mwanaharusi, jirani, na bakuli lake la uji. Mdomo wake unaujua, hauna pazia. Akasema mashallah, kimeng'ara, kimebaki kubebwa tu. Akajiziba kwa ncha ya kanga, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mama hakulia. Alirudi kukaa kibarazani, akataka mama mdogo Lulu apigiwe simu kule Kiwangwa, na kabla ya magharibi wakaja kumchukua. Huko analala kwenye kitanda cha kamba, na anasema kinamtosha.

Sasa nije kwako. Mimi, kaka, nakula kwa msasa na brashi. Nilianza na stuli mbili nilizookota, hakuna aliyenishika mkono, na leo nyumba tano za wageni hapa mjini zinalaza watu kwenye vitanda nilivyovifufua mimi. Ungeniuliza ningekwambia samadari ya mvule, kitanda cha nakshi kama kile cha mama, haipakwi rangi ya mafuta. Unaiosha, unaipiga msasa namba 120, unarudia na 240, unaipa vanishi mikono miwili, basi. Wewe umechukua kopo lililobaki kamati yenu ya msikiti wa hapa Dunda ilipopaka jeneza na madirisha, ukampa Kulwa fundi rangi. Kapaka miguu, kapaka nakshi, kapaka hata vioo vya maua vya mchagoni. Kioo kimoja nilikijaribu kwa thina, ua likaondoka pamoja na rangi. Nikaacha.

Mpaka hapo nilikuona bahili tu. Nilisema Mazin kaona rangi ya bure, kaitumia, hakufikiri kwamba mji mzima unaujua ule ukijani umembeba nani na nani. Kosa la namna hiyo ningelisamehe, hata ningelicheka baadaye.

Ila jana nilimwita Kulwa nimgombeze. Kwanza alinitania, akasema dada Wafaa una wivu wa kazi. Nilipomwambia mama kahama nyumba, aliweka brashi chini na utani ukamwisha. Akasema yeye alikuuliza kama kijani kile kitampendeza mgonjwa akirudi. Na wewe ukamjibu kwamba mama hatakiona. Ukamwagiza amalize sebule kwanza, apake na mabenchi ya nje, kwa sababu watu watakuwa wengi, na kitanda kisionekane kuukuu mbele yao mama akishalazwa juu yake.

Kaka Mazin, wewe hukumtengenezea mama nyumba. Ulitengeneza msiba.

Tangu jana nairudia siku ile ya hospitali huko kwenu. Daktari alituita sote wawili. Ukaniambia nibaki na mama, wewe ukaingia peke yako, ukatoka umefuta uso kwa leso, ukasema ni mambo ya dawa tu. Kesho yake ukaja Bagamoyo, nami nikabaki kando ya kitanda cha wodini, namlisha mama kijiko kwa kijiko, namwambia anaendelea vizuri. Walipotupa ruhusa nilifurahi. Nilidhani ruhusa ile ni ya kupona.

Usiku nimezungumza na mama kwa simu. Kitanda hakukitaja. Amesema nikuulize neno moja: Mazin alinitengenezea nirudi, au nitoke? Anasema rangi amekwisha kuisamehe. Anataka kujua kwa sababu ana siku za Ramadhani hajazilipa na ana watu wa kuwaomba radhi, mmoja wao yuko Mkange na safari yake inataka nguvu. Kama muda upo, atangoja apone. Kama haupo, ataondoka wiki hii hii.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu hilo tu. Daktari alikwambia nini? Usiniambie Mungu ndiye ajuaye, hilo nalijua. Nataka maneno ya daktari kama yalivyotoka kinywani mwake, hata kama ulinificha kwa huruma.

Wifi Mwaija msalimie sana, watoto uwabusu, mwambie binti yako kabati lake nimelimaliza na halina harufu. Wewe salamu zako nimezishikilia. Ijumaa asubuhi nakwenda Kiwangwa. Alhamisi magharibi ikiadhiniwa hujanipigia, nitakaa mbele ya mama nimpe lile neno ulilompa Kulwa, lilivyo, na mama atajijibu mwenyewe. Chagua alisikie kwa nani.

Mimi mdogo wako,
Wafaa