Mrudishe Bibi Nyuma

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui huko mnaitikiaje, ila mkono wangu umekataa kuanza bila salamu.

Mwaka umepita tangu tukuzike. Bado nafundisha historia, bado naunguza ugali. Juzi tulifika kwenye Wayahudi waliouawa na Wanazi kule Ulaya. Kitabu kina aya moja tu, tena kavu. Nikajisajili kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye video za walionusurika. Nyingine zimefungwa, mpaka uende maktaba maalumu, lakini nikapata ya bibi mmoja iliyo wazi. Nikawawekea Kidato cha Tatu kwenye projekta, huku nikiwatafsiria.

Bibi akafika pale alipotenganishwa na mdogo wake. Akanyamaza, akawa anaangalia mikono yake. Nikaona kimya kinazidi, na bando langu lenyewe la kuungaunga. Nikasogeza video mbele.

Darasa likaguna. Zuhura, binti wa Kiluguru ambaye hata kuitika jina huitika kwa shida, akasimama.

"Samahani, Mwalimu. Umemkata bibi. Kwetu mzee akinyamaza, bado anaongea. Mrudishe nyuma."

Nikamrudisha. Tukanyamaza naye, hata wale watundu wa dawati la nyuma. Mwishowe akalitaja jina la mdogo wake.

Nililia, Mama, mbele ya wanafunzi. Nilikuona unachambua mchicha barazani, unanianzia habari za ulipokuwa mpishi Mazimbu, kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini. "Kulikuwa na msichana mmoja..." Ukanyamaza. Nami, na haraka zangu: "Haya Mama, malizia, nachelewa kazini."

"Nenda tu mwanangu. Siku nyingine."

Ukaugua, na siku hiyo haikufika. Na simu ya kukurekodi nilikuwa nayo mkononi! Najilaumu sana.

Mama Hadija, mliyekuwa mkipika naye, yupo, na amekubali nimrekodi. Jumamosi nakwenda na sukari kilo mbili, na sina safari nyingine siku hiyo. Nakuahidi, sitamharakisha. Nitakaa mpaka anifukuze mwenyewe.

Nimeshamuuliza kuhusu yule msichana. Hamkumbuki. Basi huyo umeondoka naye, Mama, na aliyekuzuia kunipa habari zake ni mimi.

Pumzika, Mungu akurehemu. Nisamehe.

Mwanao,
Rehema