Nimehamishiwa Barazani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Humu kwenye ofisi yetu ya ushonaji kuna mtu anatuhujumu. Jina sitaji bado. Majoho ya kwaya ya Mkula yanachukuliwa Jumamosi mchana, Jumapili askofu yupo pale — na mpaka leo lililokamilika ni moja! Mengine yana mikono hayana kola, yana kola hayana pindo. Tunaanza kila kitu, hatumalizi kitu.

Bujiku, fundi mwenzangu, anasema kuna dawa imefukiwa mlangoni. Nikamcheka. Mimi niliyeshona Mwanza, Kariakoo, Nairobi, mpaka Lubumbashi — nitishwe na mizizi? (Alipotoka kununua maandazi nikachungulia chini ya cherehani yangu. Vumbi tu, na bobini ya uzi niliyoitafuta mwezi mzima.)

Ninayemshuku ni Milembe, huyu binti aliyeletwa juzi kutoka Lamadi. Anakaa kaelekea ukutani. Simu kaitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Chai anakunywa mguu uko kwenye pedali. Mtu wa namna hiyo ana jambo lake.

Jumanne, 5 Agosti

Kikao. Mama Esteria, bosi wetu, kaanza na sala kamaliza na ukali. Kwaya ikikosa majoho anafunga ofisi, anarudi Mwamapalala kulima pamba, na sisi tutafute pa kwenda. Halafu katikati ya ukali simu ikalia, akaongea na dada yake habari za harusi mpaka chai ikapoa. Nikamfunikia kikombe. Mimi muungwana.

Mchana kaja bibi mmoja na gauni, zipu mbovu. Salamu za Kisukuma hazina njia ya mkato: mwadila baba. Mwadila mayo, mama yangu. Kaya mhola, nyumbani salama? Mhola. Ng'ombe je? Wajukuu? Utamkatisha mtu mzima? Nikamwambia kaa hapo mayo, ni kazi ya dakika mbili. Nyuma yake wakaja wa suruali, wa mapazia, na mmoja wa mwamvuli! Wote nimesema leteni. Kumwambia mtu hapana siwezi, sikulelewa hivyo.

Milembe akageuka: kaka Kasmiri, na majoho? Kasema kwa upole. Upole wa nini?

Jumatano, 6 Agosti

Milembe na mama Esteria wananong'ona kwenye meza ya pasi. Nimeingia — mmoja kashika pasi, mwingine kashika uzi. Nikawauliza, mnanitafutia mchumba? Hawakucheka. Mimi! Hata askari wa mpakani Tunduma alinicheka mpaka akasahau kupekua begi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefika nimekuta cherehani yangu iko nje. Barazani! Mama Esteria akaniambia: Kasmiri, wewe ndiye sura ya ofisi, wateja wanakupenda, wapokee hapo hapo, asiingie mtu ndani. Cheo! Nikajipongeza na soda baridi.

Soda ilipoisha nikaanza kufikiri. Cheo gani hakina joho hata moja? Nimeachiwa viraka na ule mwamvuli. Hapa natolewa taratibu, leo baraza, kesho barabara.

Nikatega sikio ukutani. Ndani cherehani zinakwenda trrrrr bila kukatika, kama mvua kwenye bati. Miaka yote niliyokaa humo sijawahi kuzisikia hivyo. Zamani zilikuwa zinakatikia wapi?

Nikaingia kuchukua mkasi, na kwa kuwa nimeingia, nikawagusia kidogo kisa cha Mhindi wa Nairobi na mbwa wake. Bujiku akaacha pedali, meno yote nje. Milembe naye akageuka — Milembe! Kola ikabaki nusu chini ya sindano. Mama Esteria: "Kasmiri. Barazani." Kama anafukuza mbuzi jikoni.

Kwa hiyo hawa wanaona dawa ya mlangoni ni mimi?

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nyakabindi kwenye maonyesho. Bujiku akanipita kavaa kofia, eti anakwenda kuangalia fahali wa mbegu, nusu saa tu. Nusu saa ya Bujiku naijua, inaweza kulala huko. Nikasimama mlangoni. Nikamwambia fahali atakuwepo mwakani, wewe sijui. Akanitukana Kisukuma kile cha ndani kabisa, akarudi kukaa.

Hakuna aliyenishukuru. Ila saa kumi Milembe kaniletea chai barazani, na andazi. Hajawahi. Nimeinusa kwanza. Chai tu. Tamu.

Jumamosi, 9 Agosti

Salvatory, mwenyekiti wa kwaya, kafika saa nne! Na Noah ya kukodi inaunguruma nje. Ndani kuna majoho hayajapindwa. Anataka kuingia ahesabu mwenyewe, anasema alishaambiwa mafundi wa Bariadi ni waongo.

Milembe akatoa kichwa dirishani, kijasho kinamtoka. Akaninong'oneza: kaka Kasmiri, mshike hapo hapo. Mpigie stori, tafadhali.

Nimeombwa! Nimemkalisha kwenye kiti changu. Mwangaluka mwenyekiti, Mkula mhola? Sauti ya kwanza mhola? Ya pili? Besi je? Tukamaliza kwaya nzima tukaingia kwa mapadri. Akaanza kuangalia saa. Nikamfungulia kile kisa cha bwana harusi wa Kigoma aliyepewa suti ya marehemu kimakosa, na marehemu akavishwa ya harusi. Mwenyekiti kachuchumaa kwa kucheka, dereva kazima gari kaja kusikiliza. Nimefika pale ndugu wa marehemu wanapoingia kanisani, simu ya mwenyekiti ikalia. Paroko. Kasogea pembeni, kaniambia usimalizie bila mimi.

Ndipo nimepata nafasi ya kuandika haya.

Ila mbona ndani kimya? Cherehani zimesimama. Zote. Wamemaliza — au nao wanasubiri wale ndugu waingie?