Breka Niliyoitukana

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, mkeo na mapacha. Sisi huku hatujambo, ingawa mgongo wangu bado una maneno yake. Shemeji yako anakusalimu sana.

Nakuandikia kuhusu ile breka uliyotufungia, ile uliyosema itakata umeme mara tu mtu akipigwa shoti. Wiki moja baada ya wewe kuondoka, ikaanza kukata kila asubuhi. Redio inanyamaza katikati ya habari, pasi inapoa juu ya shati. Sikukawia kuhukumu: nikasema umetufungia kimeo, kitu kibovu kabisa. Na sikusemea ndani, ndugu yangu. Nilimwambia fundi viatu, nikamwambia mwenye duka, na yeyote aliyekosea akasimama kunisikiliza.

Shemeji yako alishuku friji, akaichomoa siku mbili, maziwa yakachacha. Mwishowe nikamwita fundi mwingine aje aing'oe. Akapima nyumba nzima, akasema nyaya ni safi na aliyeifunga anaijua kazi yake. Kisha akauliza kuna nini bafuni saa moja asubuhi. Nikamjibu kuna mimi tu. Akaendelea kunitazama.

Sasa nikuambie ukweli. Unajua ninavyojitapa kwamba tangu ujana naoga maji ya baridi. Siku hizi siwezi. Nilinunua koili ya kuchemshia maji, nikawa naiingiza bafuni nimeiviringisha kwenye taulo. Kila asubuhi, nikichovya kidole kwenye ndoo kupima joto, nilihisi kama nimeumwa na siafu, na papo hapo taa inazimika. Mimi nikidhani maji yamechemka vizuri!

Ilibidi nimwonyeshe fundi. Alipouona ufa wa ile koili, alikaa juu ya ndoo akashika kichwa. Akasema bila breka hiyo ningekufa siku ya kwanza kabisa. Nimehesabu: nimeponea mara kumi na tisa, taulo ikiwa kiunoni.

Shemeji yako alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakishika kile kidole changu, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akaukatakata waya wa koili kwa mkasi wake wa kushonea.

Nimeshazunguka kwa fundi viatu na mwenye duka kuwaambia kimeo alikuwa nani. Nisamehe, mdogo wangu. Wabusu mapacha kwa niaba yangu.

Ni mimi kaka yako, niliye hai kwa kazi ya mikono yako.