Mpira Uliokutwa Kwenye Dumu la Ulanzi

Mama Rebeka,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Wageni wa kipaimara wasiondoke, nafasi ya kulala ipo. Gari asiliwashe mtu, hata kulisogeza. Majirani wakiuliza, waambie linapumzika.

Asubuhi nimeanza tu kupanda mlima kumfuata Bibi kule Makambako, mshale wa presha ya turbo ukaruka mpaka mwisho. Nikaachia mafuta, nikarudi polepole. Ningekanyaga kidogo tu zaidi, injini tuliyoihangaikia miaka miwili ingekwisha pale pale. Kufungua boneti, ule mpira mwembamba unaoizuia turbo isizidishe presha haupo. Nimeukuta kwenye dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi ya jana. Shemeji Sadock, mdogo wako huyo, aliuchomoa jana tunyonyee, na ncha akaikata!

Napanda basi. Nitarudi na Bibi na mpira mpya, kesho aende kanisani kwa gari letu kama nilivyomwahidi.

~~Sadock asiguse ulanzi tena.~~ Mpeni, ila kwa kikombe. Na msimseme sana. Jana nilimsifia kwa mpira mzuri, nikanyonya tena.

Baba Rebeka